Uzi: San Francisco Dons 1955/56, mechi 29 bila kupoteza na hawakuwa hata na ukumbi wao

Ringi Bila Nyavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye ule uzi wa timu bora ya kikapu ya muda wote mlitaja Bulls, mkataja Lakers, mkaja Warriors, na kuna mwamba mmoja akataja timu ya mtaani kwao, nampa heshima yake. Mimi nikaropoka kwamba ipo timu ya wanafunzi iliyougeuza mchezo huu kuliko hizo zote, nikaambiwa nisilete chai. Leo Jumapili mvua inapiga tangu alfajiri, vijana ninaowanoa hawawezi kucheza kwenye sementi yenye maji, basi muda ninao.

Timu yenyewe ni Dons wa University of San Francisco, kule California. Chuo kidogo cha Wajesuiti. Msimu wa 1955/56 walicheza mechi 29, wakashinda zote 29, wakabeba ubingwa wa NCAA, yaani ubingwa wa vyuo vya Marekani. Kabla yao hakuna bingwa wa NCAA aliyewahi kumaliza msimu bila kupoteza hata mechi moja. Na ulikuwa ubingwa wao wa pili mfululizo.

Sasa sikieni hili. Chuo hakikuwa na ukumbi. Mazoezi walikuwa wanafanyia kwenye ukumbi wa shule ya sekondari, St. Ignatius. Mechi za "nyumbani" walizipigia Kezar Pavilion, au Cow Palace, jengo lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya mifugo, na jina lenyewe linakwambia. Ukumbi wa chuo ulikuja kufunguliwa 1958, mastaa wote wameshaondoka. Mimi sekondari nimesoma kwenye kiwanja chenye goli moja. La pili liling'olewa wakati wa likizo na mpaka leo hakuna anayejua lilipoenda. Ndiyo maana timu hii niliipenda kabla hata sijajua walikuwa wanachezaje.

Naandika kwa mafungu. Msinikatishe.

Gadi wa Sinza

Naweka mkeka hapa. Tiririka mkuu.

Msomi wa Saa Nane

Bill Russell huyo. Uzi umeisha.

Ringi Bila Nyavu

Ndiyo hao hao niliowasema wasinikatishe 😂

Ni kweli, Russell alikuwepo. Na kila mtu akisimulia timu hii anaanza na Russell na kumaliza na Russell. Mimi ni mtu wa K.C. Jones, nalisema mapema ili mjue naegemea wapi. Lakini tuanze na huyo mrefu, maana bila yeye hakuna stori.

Alizaliwa 1934 Monroe, Louisiana, kusini kabisa, enzi za ubaguzi wa kisheria. Familia ikahamia Oakland, California. Mama yake akafariki yeye akiwa na miaka 12, akalelewa na baba. Shuleni McClymonds hakuwa staa, alikuwa mrefu mwembamba ambaye nusura aachwe nje ya timu. Hakuna chuo kilichomtaka. Kikaja kimoja tu, San Francisco, tena kwa bahati: Hal DeJulio, mchezaji wao wa zamani, alikwenda kumtazama kijana wa timu pinzani, jicho lake likaangukia kwa Russell. Huo ndio ulikuwa udhamini pekee wa masomo aliopata.

Chuoni akapangwa chumba kimoja na K.C. Jones. Jones alizaliwa Taylor, Texas, akakulia San Francisco. Futi 6 na inchi 1, mkimya kupita kiasi. Sasa hawa wawili wakawa wanakesha wakijadili kikapu kama mafundi seremala wanavyojadili pembe: mpira ukipigwa kutoka hapa utadondokea wapi, mtu akipita kushoto kwako mwenzako asimame wapi. Wenzao walikuwa wanaongelea nani kafunga ngapi. Hawa walikuwa wanaongelea jinsi ya kumfanya mtu asifunge.

Na hapo ndipo penye hoja yangu nzima. Dons walishinda kwa kuzuia. Wapinzani walikuwa wanaondoka na wastani wa pointi 52 hivi kwa mechi. Soma tena: 52.

Mama Kiwanja

Kaka hapo kwenye kuzuia fafanua. Mimi nimecheza kikapu chuo, kocha wetu alikuwa anatuimbia kuzuia kila siku, kwa hiyo sioni jipya la hao.

Ringi Bila Nyavu

Dada, swali zuri, na jibu ni kwamba kocha wako alirithi kutoka kwao bila kujua.

Miaka ile ilifundishwa kwamba mtu anayekaba hapaswi kuruka. Miguu chini, mikono juu, basi. Ukiruka umekosea, adui atakupita. Russell akaja anaruka. Na huyu alikuwa mruka juu kwelikweli, yule wa riadha, alikuwa anapita zaidi ya futi 6 na inchi 9. Kwa hiyo mtu anapiga mpira wake vizuri kama alivyofundishwa, anakuta mkono uko juu ya mahali ambapo hajawahi kuona mkono.

Lakini kuruka peke yake si kitu, warefu wanaoruka wapo wengi. Tazama alichofanya na mpira. Mtu wa kawaida akipiga bloku anaukong'ota uende jukwaani, watu washangilie, halafu waliopiga wanarudishiwa mpira wao. Yeye alikuwa anaugusa kwa vidole, kama unavyozuia glasi isidondoke mezani, ukabaki ndani ya kiwanja, mwenzake akaudaka. Hapo tayari Dons wanakimbia upande wa pili na wewe bado umeinua mikono unasubiri kuona kama umefunga.

Na akishakufanyia hivyo mara mbili, ya tatu hupigi. Unasita, unarudisha pasi. Hiyo haiandikwi kwenye takwimu yoyote. Kinachoandikwa ni wastani wake wa msimu ule: pointi 20.6 na ribaundi 21.0, yaani mipira iliyokosa goli akaidaka. Ribaundi nyingi kuliko pointi!

Gongo la Mboto Yetu

Mkuu punguza. Wapinzani wake walikuwa mafundi bomba wa futi 5 na nusu. Mlete leo acheze na hawa wa sasa tuone.

Ringi Bila Nyavu

Nilijua utakuja tu. Mwaka 1955 kule Corvallis walikutana na Oregon State, wana senta, yaani yule mrefu wa kukaa chini ya ringi, anaitwa Swede Halbrook, futi 7 na inchi 3. Futi SABA na tatu, mkuu. Dons wakashinda 57-56, nadhani ndiyo mechi iliyowatoa jasho kuliko zote za safari ile ya ubingwa wa kwanza. Mafundi bomba wa wapi hao.

Tena ngoja nikuongeze. Fainali ya 1955, Kansas City, wanacheza na La Salle, mabingwa watetezi, wenye Tom Gola, futi 6 na inchi 6, mchezaji aliyekuwa anaimbwa nchi nzima. Kila mtu anasubiri Russell dhidi ya Gola. Kocha Phil Woolpert akampa Gola nani? K.C. Jones. Mtu amemzidi inchi 5. Jones akamganda kama kupe. Gola akaishia pointi 16, na Jones mwenyewe akafunga 24! Russell akabaki huru kuokota kila kilichodondoka, akamaliza na pointi 23 na ribaundi 25. Mechi ikaisha 77-63.

Ndiyo maana nasema mimi ni mtu wa K.C. Mimi mwenyewe nacheza gadi, ile nafasi ya wafupi wa kuongoza mpira, urefu wangu hauzungumzwi hadharani.

Gadi wa Sinza

Gadi wote nchini tumesimama.

Jirani Kisumu

Sasa hiyo ni season ya kwanza. Hapo walipoteza ngapi? Maana huku kwetu basketi tunasema unbeaten ni unbeaten.

Ringi Bila Nyavu

Karibu jirani. Msimu wa kwanza, 1954/55, ulikuwa 28 kwa 1. Iliyowapiga ni UCLA, chuo cha Los Angeles, ya kocha John Wooden, Desemba 1954, kwa 47-40. Wiki moja baadaye wakarudiana Cow Palace, Dons wakalipa 56-44. Kuanzia hapo hawakupoteza tena mpaka mechi 60 zilipotimia.

Na katikati ya mechi hizo mbili Woolpert alifanya uamuzi ambao siku hizi tunauona wa kawaida: alimwanzisha Hal Perry. Perry alikuwa mweusi. Jones mweusi, Russell mweusi. Watatu kati ya watano wanaoanza. Kwenye vyuo vikubwa vya Marekani mwaka 1954 hilo lilikuwa halionekani. Makocha walikuwa na sheria zao za kimya kimya kuhusu idadi ya weusi unaoweza kuwaweka kiwanjani kwa wakati mmoja. Woolpert alipata barua za matusi, na aliendelea kuwapanga.

Msomi wa Saa Nane

Naomba kupinga hesabu. 28 jumlisha 29 ni 57. Hizo 60 zimetoka wapi? Au ndiyo chai yenyewe imeanza kuchemka?

Ringi Bila Nyavu

Hahaha haya, toa kalamu.

Msimu wa kwanza ushindi ni 28, lakini 2 vilipatikana kabla ya kipigo cha UCLA, kwa hiyo havihesabiki. Baki 26. Ongeza 29 za msimu wa pili, inakuwa 55. Russell akamaliza chuo. Waliobaki wakafungua msimu wa 1956/57 kwa kushinda 5. Sitini kamili. Halafu wakaenda Illinois Desemba 1956 wakachapwa 62-33, tena kipigo cha mbwa mwizi.

Rekodi hiyo ikakaa mpaka Januari 1973, UCLA ya Wooden huyo huyo walipoivunja, na wao wakafika 88. Mtu aliyewafunga mwanzoni ndiye aliyekuja kuwavua rekodi mwishoni. Sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kuliwaza hilo.

Msomi wa Saa Nane

Nimehesabu mara mbili. Nakubali. Endelea.

Mama Kiwanja

Rudi kwenye suala la Perry. Hao vijana walikuwa wanasafiri vipi? Maana miaka hiyo kusini mweusi hata hotelini haingii.

Ringi Bila Nyavu

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Desemba 1954 walialikwa kwenye mashindano ya All-College, Oklahoma City. Wakafika, hoteli za mjini zikasema wazungu karibuni, weusi watafute pa kulala. Wachezaji wakakataa kugawanywa. Timu nzima, weupe na weusi, ikaenda kulala kwenye bweni la chuo lililokuwa tupu kwa sababu ya likizo. Hebu ifikirie picha hiyo: bweni zima halina mtu, korido zinatoa mwangwi, na humo ndani wamelala watu ambao miezi mitatu baadaye watakuwa mabingwa wa nchi.

Wakiwa kiwanjani, baadhi ya watazamaji wakawarushia sarafu, kama unavyomrushia mtu anayecheza ngoma barabarani. Russell akainama, akaziokota moja moja, akaenda kumkabidhi kocha amtunzie. Mashindano wakayabeba.

Na hapo chuoni hilo halikuwa geni. Mwaka 1951 timu ya chuo hicho hicho ya mpira wa miguu wa Kimarekani ilimaliza 9 kwa 0. Walipaswa kualikwa kwenye mechi kubwa za mwisho wa msimu, lakini waalikaji wakaweka sharti: waje bila wachezaji wao wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler. Wenzao wakasema basi hatuji. Wakabaki nyumbani bila kupoteza mechi na bila kombe, na chuo kikaifuta timu hiyo kwa kukosa pesa. Toler baadaye akawa mwamuzi wa kwanza mweusi kwenye NFL, ligi ya kulipwa ya mpira huo. Kwa hiyo kina Russell walipofika pale walikuta wenzao wameshalipa.

Gongo la Mboto Yetu

Hapo kwenye sarafu nimenyamaza.

Jirani Kisumu

Aki huyo kocha alisema nini? Anyway, continue buda.

Ringi Bila Nyavu

Sasa msimu wenyewe, 1955/56. Unaanza Desemba 1955. Tarehe 1 ya mwezi huo Rosa Parks anakataa kumwachia mzungu kiti cha basi kule Montgomery. Mwezi huo huo Dons wanakwenda New Orleans kucheza na Loyola ya huko, weusi na weupe kwenye kiwanja kimoja katika mji ambao hayo hayakuwa yakifanyika. Wakapanda New York, Madison Square Garden, mashindano ya sikukuu. Hapo wakawapiga La Salle, wakawapiga Holy Cross ya Tom Heinsohn (mwaka uliofuata, 1956, yeye na Russell wakaja kuwa timu moja Boston), na fainali wakawapiga UCLA.

Mechi nyingi za msimu ule sina cha kuwasimulia. Walikuwa wanashinda kwa pointi 15, 20, unasoma matokeo unapiga miayo. Moja tu ndiyo nawaombeni mkae vizuri.

Tarehe 28 Januari 1956, Berkeley, dhidi ya chuo cha California. Dons wameshinda 39 mfululizo. Wakishinda hii ya 40 wanahesabiwa wamevunja rekodi ya vyuo. Kocha wa California ni Pete Newell. Huyu Newell ndiye alikuwa kocha wa San Francisco kabla ya Woolpert, aliwapa ubingwa wa NIT, mashindano mengine ya vyuo, 1949. Kwa hiyo nyumba anaijua, na anajua huwezi kumpita Russell akiwa chini ya ringi. Basi akaamua hawatampita. Watasimama.

Senta wake, Joe Hagler, akapewa mpira, akasimama nao mbali na goli. Akaushika. Hadundi. Hatoi pasi. Hapigi. Enzi hizo vyuoni hapakuwa na saa ya kuhesabu sekunde za shambulizi, hiyo ilikuja miaka ya 80. Wewe ukitaka kukaa na mpira, kaa nao. Lengo lilikuwa kumvuta Russell atoke chini ya ringi, akitoka tu, mlango uko wazi.

Dons hawakuingia mtegoni. Hagler amesimama na mpira, wao wamesimama wanamtazama. Dakika 1. Dakika 3. Dakika 5. Ukumbi umejaa watu waliolipa viingilio kumtazama kijana aliyeshika mpira. Dakika NANE.

Mechi iliisha 33-24. Dons wameshinda.

Gadi wa Sinza

Dakika nane??? Mkuu hii sasa ni chai ya maziwa na mandazi.

Mama Kiwanja

Mimi ningekuwa nimelipa kiingilio ningerudishiwa pesa yangu.

Ringi Bila Nyavu

Nane. Ni jambo la kwenye kumbukumbu za vyuo hivyo viwili, wala silitungi. Na wapo waliomlaumu Newell kwamba aliua mchezo. Mimi simlaumu. Alikuwa na kisu kimoja akakitumia. Newell huyo huyo akaja kuchukua ubingwa wa NCAA na California mwaka 1959, kwa hiyo si mtu wa vichekesho.

Ila angalia maana yake. Timu ya wanafunzi inazuia vizuri kiasi kwamba kocha mwenye akili zake anaona heri kutoshambulia kabisa.

Msomi wa Saa Nane

Naomba uweke pia upande wa sheria. Nilisikia walibadilisha sheria kwa ajili yake.

Ringi Bila Nyavu

Kweli. Lile eneo la mstatili mbele ya goli, ambalo ukishambulia huruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde 3, lilikuwa na upana wa futi 6. Wakalipanua mpaka futi 12 ili kina Russell wasipige kambi chini ya ringi. Baadaye wakakataza pia kuusindikiza mpira wa mwenzako ukiwa juu ya ringi, maana alikuwa anaudaka huko huko na kuutumbukiza. Ukitaka kujua mtu alikuwa mzito, angalia kama walihamisha mistari ya kiwanja kwa ajili yake.

Kuna kichekesho kimoja. Mwaka 1955, kwa yote aliyofanya, tuzo ya mchezaji bora wa California Kaskazini wakampa Kenny Sears wa Santa Clara. Bingwa wa nchi, mchezaji bora wa mashindano ya NCAA, lakini si bora wa mkoani kwao. Hilo lilimkaa Russell moyoni miaka mingi.

Gongo la Mboto Yetu

Sasa nina swali la kuvuruga. Nimeenda kusoma kidogo (usishangae). K.C. Jones wako HAKUCHEZA fainali ya 1956. Unatuuzia nini hapa?

Ringi Bila Nyavu

Umefanya kazi ya nyumbani, safi sana. Ndiyo, hakucheza. Na hapa ndipo panaponiuma.

Msimu wa 1953/54 Jones alicheza mechi moja tu, kidole tumbo kikamlaza, msimu ukamwishia. Timu bila yeye ikamaliza 14 kwa 7, na Russell akiwemo! Weka hiyo kwenye mizani halafu uniambie nani alikuwa nani. Akafidiwa mwaka, kwa hiyo 1955/56 akaruhusiwa kucheza mechi za kawaida, lakini NCAA ikamkatalia mashindano ya ubingwa. Mtu amebeba timu mpaka mlangoni, akaambiwa wewe subiri nje.

Nafasi yake akaingia Gene Brown. Wakaanza na UCLA 72-61, Utah 92-77, nusu fainali SMU 86-68. Fainali Evanston, Illinois, tarehe 23 Machi 1956, dhidi ya Iowa. Iowa wakaanza kama wamemwagiwa pilipili: 15-4. Kumbuka Dons hawajapoteza mechi kwa zaidi ya mwaka, na aliyezoea kuwatuliza yuko nje. Woolpert akapanga upya nani anamkaba nani, Dons wakarudi taratibu, Russell akaanza kufunga duka. Ikaisha 83-71, yeye peke yake pointi 26 na ribaundi 27.

Kwa hiyo ukinibana nitakubali: fainali ile ni ya Russell na Brown. Lakini ule uzuiaji walioucheza bila Jones waliujifunzia mbele ya Jones, kila siku, kwenye ukumbi wa kuazima.

Gongo la Mboto Yetu

Jibu limekaa kiwakili wakili lakini nalipokea.

Jirani Kisumu

Na hiyo bora kuliko North Carolina ya 1957? Hao walipiga 32 kwa 0 na wakamfunga Wilt Chamberlain kwenye finali.

Ringi Bila Nyavu

North Carolina wana namba kubwa, na fainali yao, 54-53 baada ya nyongeza 3 za muda, ni tamu kuliko fainali yoyote ya Dons. Lakini waliponea tundu la sindano mara nyingi. Dons msimu ule hawakuwa wanaponea, walikuwa wanakufungia mlango mapema uende ukalale. Mimi nabaki na Dons. Tukikutana ana kwa ana tubishane kwa soda.

Mama Kiwanja

Baada ya hapo wakaenda wapi wote? Malizia.

Ringi Bila Nyavu

Russell na Jones walikwenda pamoja Olimpiki ya Melbourne mwishoni mwa 1956, wakarudi na dhahabu. Fainali waliupiga Umoja wa Kisovieti 89-55.

Boston Celtics walimtaka Russell kiasi cha kuwatoa Ed Macauley na Cliff Hagan kupata ile nafasi ya 2 ya kuchagua wachezaji wapya wa NBA. Nafasi ya kwanza Rochester wakamchukua Sihugo Green. (Hasheem Thabeet wetu naye alichukuliwa namba 2, mwaka 2009, na yeye kilichompeleka huko ni bloku. Natoa taarifa tu, msianze.) Russell akachukua ubingwa wa NBA mara 11 katika misimu 13. Jones akaenda jeshini kwanza, akamfuata Boston 1958, akachukua 8, halafu akaja kuwapa Celtics ubingwa akiwa kocha, 1984 na 1986. Jones alifariki siku ya Krismasi 2020. Russell akamfuata Julai 2022.

Woolpert ndiye ambaye watu hawamuulizii. Kocha bora wa mwaka 1955, kocha bora 1956. Mwaka 1959 akaachia ngazi pale San Francisco. Akafundisha kwingine, baadaye akaachana na kikapu kabisa, akahamia mji mdogo wa Sequim, jimbo la Washington, akawa dereva wa basi la shule. Alifariki 1987. Mtu mwenye ubingwa mbili za NCAA na ushindi 60 mfululizo anakusubiri kituoni asubuhi na mfuko wako wa vitabu, nawe hujui.

Nimemaliza. Mvua nayo imekata.

Msomi wa Saa Nane

Basi la shule limenimaliza. Uzi mzuri mkuu, nimeuhifadhi.

Gadi wa Sinza

Wakuu, narudi na ripoti. Bado nilikuwa siamini zile dakika nane, jioni mvua ilipokata nikaenda kiwanjani kwetu na mpira, nikamwambia mdogo wangu ashike simu ahesabu. Nimesimama katikati, mpira mkononi, sidundi. Dakika ya kwanza sawa. Ya pili watoto wakaanza kuniuliza "kaka unaumwa?" Ya tatu mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama kunitazama. Dakika 4 na sekunde 10 kuna mtoto wa darasa la tano akaupiga mpira ngumi kwa chini, ukanitoka, akaenda kufunga.

Nimerudi nyumbani. Hagler ni mwanaume.

Ringi Bila Nyavu

Huyo mtoto nani anamfundisha? Mlete Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, viatu vyovyote.